Baa za Dodoma zilizopotea na zilizobaki: pa kukaa, cha kunywa na cha kukataa

Baa ya zamani ya Dodoma haikuhitaji paa. Mvua huanza Desemba na kukatika Aprili, na kwa mwaka mzima hazizidi sana milimita 600. Miezi inayobaki anga ni kavu, usiku hauna umande wa kusumbua, na mbu ni wachache kuliko pwani. Kwa hiyo mwenye baa alijenga chumba kimoja cha kaunta, stoo ya kreti na choo, halafu fedha iliyosalia akaimalizia uani: ukuta, changarawe ya kutuliza vumbi, miti ya kivuli, na meza zilizoachiana nafasi ya kutosha watu wa meza moja wasisikie mambo ya meza ya pili. Ua huo ndio unaopimwa katika tathmini hii. Bia ni ileile kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Ua wa Dodoma ulikuwa wa Dodoma peke yake, na ndio unaokwisha.

Ramani ya baa hizo ilifuata vitu vitatu: reli, stendi na Bunge. Reli ya Kati ilipofika mwaka 1910 ilileta hoteli ya reli mkabala na stesheni, nayo ipo hadi leo ikiwa na jina la mji. Nyuma ya maduka ya Uhindini na kuzunguka soko la Majengo zikaota baa za wafanyabiashara, mafundi na madereva. Baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, CDA, mamlaka iliyoundwa kustawisha makao makuu hayo, ilipima viwanja vipya, na katika maeneo kama Area C na Area D nyumba nyingi zilipata uwanja mpana ambao baadaye uligeuzwa kuwa baa ya uani. Kalenda yake ilikuwa ya Bunge. Aprili hadi Juni, wakati wa bajeti, meza hazipatikani. Bunge likiahirishwa, mhudumu anawasha taa tatu badala ya kumi.

Baa za karibu na stendi ziliishi kwa sababu nyingine kabisa. Miaka ambayo mabasi hayakuruhusiwa kukata usiku mzima barabarani, abiria wa safari ndefu walilazimika kulala njiani, na Dodoma ni katikati ya nchi. Nyumba ya wageni yenye vyumba kumi ikawa na baa mbele na jiko la supu nyuma. Stendi kuu ya mabasi ya mikoani ilipohamia Nanenane, Nzuguni, wateja wakahama nayo. Mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, hata sababu ya kulala ikapungua. Atakayekwenda leo kutafuta baa hizo katikati ya mji atakuta maduka ya simu, ofisi za uwakala na vyumba vya kupanga. Na nyingi za Area C na D ziliondolewa na bei ya ardhi. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, na mji kupandishwa kuwa jiji mwaka 2018, uwanja wenye miti minne na meza kumi haushindi hesabu ya jengo la ghorofa. Hakuna wa kulaumiwa kwa kuuza. Ila kilichouzwa ni zaidi ya kiwanja.

Sasa namna ya kupima ua uliobaki. Anza na upepo. Upepo wa Dodoma hutoka mashariki na kusini-mashariki karibu mwaka mzima, na kuanzia Juni hadi Septemba unabeba vumbi. Mwenye baa wa zamani alilijua hilo bila kufundishwa: ukuta mrefu upande wa mashariki, meza zikiegemea ukuta huo, jiko la nyama na choo upande wa magharibi. Moshi na harufu vinatoka nje, haviwapiti wateja. Baa nyingi mpya zinaweka jiko langoni ili nyama imvute mpita njia, bila kutazama lango limeelekea wapi. Lango likiwa mashariki, moshi wa mkaa unakaa mezani jioni nzima na shati linanuka hadi kesho. Ukifika mahali usipopajua, simama dakika moja langoni utazame moshi unakwenda wapi kabla hujachagua kiti.

Kisha tazama miti. Mwarobaini na mjohoro hubaki na majani kiangazi, ndiyo maana vimejaa kwenye ua za zamani. Mbuyu unapendeza machoni lakini hupukutisha majani kipindi kile kile cha jua kali, hivyo kivuli chake ni cha shina tu nacho huzunguka. Meza ya chini ya mbuyu ni nzuri kuanzia saa 11 jioni, si saa 8 mchana. Turubai na mabati yanayowekwa badala ya miti huhifadhi joto la mchana na kulirudisha kichwani usiku. Ukikuta baa imeezekwa bati bila dari, nenda baada ya saa 2 usiku.

Sakafu nayo inasema mengi. Ua zilizokuwa na muziki wa dansi zilikuwa na duara au mraba wa saruji uliosuguliwa, mpana wa hatua kumi hivi, umeinuliwa kidogo kuliko changarawe. Huo ndio ulikuwa uwanja wa kucheza, na bendi ilikaa upande mmoja ikiupa ukuta mgongo ili sauti isonge mbele. Mkoa huu ulitoa wanamuziki wakubwa, akiwemo Patrick Balisidya wa Afro 70, mzaliwa wa Mvumi, na watu wa hapa walikuwa wakali kuhusu gitaa. Saruji hizo bado zinaonekana katika baa mbili tatu za zamani, lakini sasa zinaegeshwa magari. Palipobaki uwanja wa kuchezea pasipo na gari juu yake, mpe mwenyewe sifa zake, na kaa hapo.

Kuhusu bia yenyewe, swali la kwanza la mhudumu ni "ya moto au ya baridi?" Mgeni hudhani ni mzaha. Zamani baa nyingi zilikuwa na friji moja tu, pengine la mafuta ya taa, lililotosha chupa chache; mnywaji wa kila siku akazoea chupa ya kutoka kwenye kreti. Isitoshe, usiku wa Juni na Julai Dodoma hushuka hadi nyuzijoto 13 au 14, na bia ya kreti kwa joto hilo imepoa kiasi chake. Kwa msimu huo, ya moto ndiyo sahihi. Kwa Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, agiza ya baridi, na iguse chupa kabla haijafunguliwa. Umeme ukikatika mchana na friji likajazwa jioni, chupa za mbele huwa vuguvugu na za nyuma ndizo zilizopoa. Omba ya nyuma. Chupa iliyoganda kisha ikayeyuka hupoteza povu na kubaki na ladha ya maji. Utaijua kwa lebo iliyokunjamana na kulegea.

Sasa vilabu vya pombe za kienyeji. Hapa ndipo hasara ni kubwa kuliko kwingine kote, na hapa ndipo mtu asiyejua anaweza kuumia, kwa hiyo inafaa kukaa kidogo.

Kilabu cha zamani kilikuwa banda refu lenye mabenchi ya saruji pande zote, katikati peupe. Wapishi walikuwa akina mama wa mitaa ya zamani kama Chang'ombe, na kila mmoja alikuwa na siku yake. Hilo la siku ndilo la kushika. Ujimbi, pombe ya Wagogo ya mtama au uwele, hauna rafu ya kukaa. Unaiva leo, leo ndiyo unywewe. Mama wa Jumanne akipika Jumatano, amevuruga mzunguko wa wenzake wote. Kilabu kizuri kilikuwa ratiba kabla ya kuwa jengo.

Kwa ndoo tatu za lita 20, mpishi hutumia unga wa mtama au uwele kama kilo 10 na kimea kilo 3 hadi 4. Kimea ndicho roho ya kazi. Nafaka huloweshwa usiku mmoja na mchana wake, hutandazwa juu ya gunia lenye unyevu, hufunikwa na kunyunyiziwa maji asubuhi na jioni kwa siku mbili au tatu mpaka vichipukizi vitoke, kisha huanikwa juani hadi vikauke kabisa. Kwa mtama kuna hatua isiyorukwa: vichipukizi na vimizizi husuguliwa na kupepetwa kwa ungo, kwa kuwa chipukizi la mtama lina sumu ya jamii ya sianidi. Uwele hauna shida hiyo, na wapishi wengi wa vijijini huupendelea kwa kimea ingawa uji wenyewe ni wa mtama.

Unga hupikwa uji mzito na kuachwa uchachuke usiku kucha. Kesho yake hupikwa tena. Ukiipuliwa, husubiriwa upoe hadi kidole kiweze kuvumilia kwa muda wa kuhesabu hadi tatu, ndipo nusu ya kimea huingia. Ukiwa bado unatokota kimea hufa na uji hautalegea, ukiwa umepoa sana hautakuwa mtamu. Baada ya saa mbili tatu uji unakuwa mwepesi. Ukishafikia joto la mwili, nusu ya pili ya kimea huingia, chombo hufunikwa kwa kitambaa, na kufikia kesho yake pombe inafoka. Huchujwa machicha, hunywewa. Nguvu yake ni ndogo kuliko ya bia ya chupa, kama asilimia 3 hadi 4, na shibe yake ni kubwa. Ndiyo maana ilinyweka na watu waliotoka kulima na waliokuwa wanarudi kulima.

Ujimbi wa kweli ni mzito, una rangi ya udongo ikiwa mtama ni mwekundu, povu lake ni laini, na ladha huanza na uchachu, kisha nafaka. Ule wa haraka, unaopikwa kwa sukari na hamira ya mkate huku unga ukiwekwa wa kuzugia tu, ni mwepesi, una mapovu makubwa kama ya sabuni, unanuka mkate na utamu wake unaisha kwa ukali kooni. Ukiacha kopo litulie dakika tano, wa kweli hujitenga taratibu, chini pazito na juu pepesi. Wa sukari hauna cha kutuama. Kichwa cha kesho yake ndicho ushahidi wa mwisho, lakini wakati huo umechelewa.

Tazama pia chombo. Pombe chachu ikilala kwenye ndoo ya bati hula zinki na kuleta tumbo la kutapika. Mapipa ya plastiki yaliyowahi kubeba rangi au dawa hayasafishiki, hata yakioshwa mara kumi. Mtungi wa udongo, sufuria ya alumini iliyo nzima au ndoo ya plastiki ya chakula ndivyo vya kukubali. Na uliza nafaka. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Uchachushaji hauiondoi, na nafaka yenye ukungu isiyofaa ugali haifai pombe pia. Mpishi mwaminifu atakuonyesha kimea bila kununa. Ukiingia, salimu kwanza. "Mbukwenyi" moja inakupa nafasi kwenye benchi, na swali la nafaka baada ya salamu halisikiki kama shutuma.

Vilabu hivi vimepotea kwa sababu zaidi ya moja. Mwaka mvua inapokosekana, viongozi hukataza nafaka kutumika kupikia pombe, na mzunguko wa siku ukikatika msimu mmoja ni vigumu kuurudisha, kwa kuwa wateja wameshahamia kwingine. Mtama nao umepoteza mashamba yaliyokuwa karibu na mji, ambako sasa kuna nyumba. Kisha vikaja viroba, vile vifuko vya pombe kali vya bei ya chini, vikachukua vijana wote. Viroba vilipigwa marufuku Machi 1, 2017, lakini vijana hawakurudi kwenye ujimbi. Walikwenda kwenye chupa.

Wanzuki, pombe ya asali, ina hali hiyohiyo. Ya zamani ilikuwa sehemu moja ya asali kwa sehemu nne hivi za maji, na chachu, siku kadhaa kwenye mtungi. Siku hizi nyingi ni sukari na hamira, ikapakwa rangi kwa majani ya chai. Ya asali hubakiza harufu ya nta puani hata kopo likiisha. Hiyo ndiyo alama ya kutafuta. Gongo haipimwi hapa. Ni haramu kisheria, hakuna namna ya kuijua kwa macho au kwa kuiwasha kiberiti kama wanavyodai wauzaji, na imepofusha watu.

Kuna kitu Dodoma inacho ambacho miji mingine haina, nacho ni mvinyo. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mashamba yako pande za Makutupora, Hombolo, Mpunguzi, Bihawana na Chinangali. Ajabu ni kwamba baa za mji zilichelewa mno kuiheshimu. Kwa miaka mingi Dompo, mvinyo wa hapa, iliuzwa kama kinywaji cha kulewa haraka, ikimiminwa kwenye glasi ya soda, na mvinyo mkavu ukawa wa wageni wa Bunge tu. Katika hili mabadiliko yameleta nafuu: maeneo mapya ya kula yanauza mvinyo wa hapa kwa glasi, na wahudumu wengine wanaweza kukuambia umetoka kiwanda gani.

Ila chupa moja kati ya kadhaa itakuwa imeharibika, na sababu ni stoo. Mvinyo unaosimama wima kwenye rafu ya kaunta chini ya bati, joto likizidi 30 kila mchana, hupoteza harufu ya tunda ndani ya wiki chache. Mweupe hugeuka rangi ya chai hafifu. Chupa iliyofunguliwa juzi na kurudishiwa kizibo hunuka siki. Kwa hiyo agiza ifunguliwe mbele yako, au kama ni kwa glasi, uliza imefunguliwa lini. Mweupe wa zabibu za Chenin Blanc upoe kabisa. Mwekundu nao ukae frijini dakika 20 kwa hali ya hewa ya hapa, asikukatishe tamaa mtu anayesema mwekundu haupozwi. Mvinyo wa majumbani unaouzwa kwenye chupa za maji unywe tu ikiwa umetulia na kung'aa. Ukiwa haupenyezi mwanga na bado unatoa gesi, haujaiva; umechotwa siku ya tano au ya sita kwa sababu muuzaji alihitaji fedha, na utaendelea kuchacha tumboni.

Nyama haijapungua ubora, tusiidhulumu. Mbuzi na ng'ombe wa mikoa ya kati hula nyasi kavu na kutembea sana, hivyo nyama ni ngumu kidogo na ina ladha. Makosa ni ya moto. Mchomaji wa zamani alitenga mkaa upande mmoja na kuweka mguu mzima wa mbuzi upande usio na mwali, saa moja na nusu, chumvi ikiwekwa katikati ya safari. Leo nyama huchemshwa kwanza, hukaangwa juujuu, huitwa choma. Utaitambua kwa mfupa: ya kuchoma hasa huachia nyama kwa kuvuta na utando wake unakuwa mkavu, iliyochemshwa huanguka yenyewe na haina mafuta yaliyokamatwa na moto. Kuku wa kienyeji, wengi wanaotoka Singida, wahitaji muda uleule, kwa hiyo agiza kabla hujaketi. Maeneo ya Chako ni Chako yalijijengea jina kwa kuku, na jina hilo limekuwa kubwa hadi kuwa anwani.

Grosari zimejaza nafasi ya baa za mtaani. Grosari ni duka la kununua na kuondoka, lakini nyingi zina viti. Ni za kupitia, si za kukaa: choo hakuna, au ni cha jirani. Ukumbi wa kisasa wenye taa za zambarau na spika kwenye kila nguzo haujakosea chochote, ila ungeweza kuwa Sinza au Mwanza, na mazungumzo hayawezekani baada ya saa 3 usiku.

Anayetaka kuonja kilichobaki apange hivi. Jumamosi mchana aende mnada wa Msalato, nyama ichomwe mbele yake, afike kabla ya saa 7 kwa sababu mbavu huisha mapema, na avae viatu vya kufunika vidole. Jioni ya siku ya kazi aende ua wowote wenye miti mikubwa kuliko jengo lake, Majengo au Area C, akae ukutani upande wa mashariki. Ujimbi autafute nje ya jiji, vijiji vya Chamwino na Bahi, kati ya Juni na Agosti baada ya mavuno, wakati nafaka ni mpya na siku za pombe zimefufuka. Aulize kwanza ni siku ya nani.

Na kwa mwenye kiwanja Ilazo, Kisasa au Nzuguni anayefikiria kufungua baa: kabla ya kumwaga zege, chimba mashimo manne ya futi mbili kwa mbili upande wa mashariki na kusini, hatua sita kati ya shimo na shimo. Jaza samadi ya ng'ombe na udongo, panda mwarobaini mwanzo wa mvua, Desemba. Maji ya kusuuzia glasi yasiyo na sabuni nyingi yatoshe kuuvusha kiangazi cha kwanza na cha pili. Baada ya hapo mizizi inajitafutia. Kata matawi ya chini hadi urefu wa mtu aliyenyoosha mkono, ili upepo upite chini na kivuli kipanuke juu. Ndani ya miaka mitano au sita kila mti utafunika meza mbili, na utaweza kuyaondoa mabati.